Huyu Hakuanguka na Bodaboda

Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu Moshi kwa mafunzo ya vitendo hawaulizi swali hili mbele ya watu. Wananisubiri kwenye chumba cha kufungia vidonda, tukiwa wawili watatu na mlango umerudishwa, ndipo mmoja anajikaza: "Sista, kama mtu amepigwa kwa sababu ni shoga, tutamjuaje?"

Nawajibu kwamba hawatamjua, na wala hawahitaji kumjua. Wanayetakiwa kumjua ni mtu aliyepigwa na anayeogopa kusema kapigwa na nani. Anampenda nani ni habari yake. Ataisema akiona pa kuisema, au hataisema kabisa, na vyovyote vile matibabu yake hayapungui. Nesi anayeanza kwa kuwatafuta mashoga huishia kuangalia mwendo, sauti na mavazi, na kwa njia hiyo anawakosa wengi. Wanaofika kwetu na majeraha ya namna hii ni fundi seremala, mwalimu wa sekondari, baba mwenye mke na watoto. Na wapo waliopigwa kwa kudhaniwa tu.

Nimekuwa nesi mkoani Kilimanjaro kwa miaka mingi, sehemu kubwa kwenye dharura na wodi za upasuaji. Visa ninavyovieleza nimevichanganya na kuvibadilisha ili mtu asitambulike. Dalili za mwilini sijazigusa, maana ndizo ninazotaka zisomwe kwa makini.

Maelezo yanayoletwa mara nyingi kuliko yote ni bodaboda. "Nimeanguka na boda, sista." Hapa mjini pikipiki zinaangusha watu kila siku, kwa hiyo hakuna anayeshangaa, na aliyeko mapokezi anaandika "ajali" anaendelea na mwingine. Lakini ngozi ina maelezo yake. Aliyeanguka na pikipiki hufika amechubuka. Amekwanguka zaidi upande mmoja, kwenye goti, kiwiko, nyonga na kiganja alichojikingia, na ndani ya mchubuko kuna mchanga na vumbi la barabara. Suruali imetoboka palepale penye kidonda. Aliyepigwa huja na suruali nzima, na majeraha yake yako pande zote mbili, tena mahali ambapo barabara haifiki: mgongoni, nyuma ya mapaja, upande wa ndani wa mkono karibu na kwapa, nyuma ya sikio, utosini.

Angalia mikono yake ya chini. Mtu akirushiwa fimbo au bomba kichwani huinua mkono kujikinga, na pigo linatua upande wa kidole cha mwisho. Mfupa wa upande huo ukivunjika peke yake katikati, mwenzake ukiwa mzima, fikiria rungu kabla ya kufikiria lami. Fimbo huacha mistari miwili inayokwenda sambamba, katikati pamepauka. Kwenye ngozi zetu nyeusi mistari hiyo haionekani kwa kutupia jicho chini ya taa ya wodi. Chukua tochi uimulike ngozi kwa upande, si kwa juu. Pitisha mgongo wa mkono wako usikie penye joto na penye kuvimba. Bonyeza taratibu huku ukimwangalia usoni. Halafu rudia kesho, kwa sababu damu iliyovilia ndani huchukua hata siku nzima kujitokeza. Na usiandike kwenye faili kwamba jeraha ni la siku tatu au la wiki kwa kuangalia rangi tu. Rangi haitoi tarehe ya kuaminika, na mtu akija kusimama mahakamani kesi inaweza kuharibikia hapo.

Shingo nayo inadanganya. Aliyekabwa anaweza kuwa na shingo safi kabisa. Sikiliza sauti: imekwaruza? Anameza kwa shida? Vuta kope la chini utafute vitone vidogo vyekundu. Muulize kama alizimia au alijikojolea alipokuwa amebanwa. Aliyekabwa na anayeonekana mzima saa mbili usiku anaweza kuvimba koo alfajiri, au kupata kiharusi baadaye kwa sababu mshipa wa shingoni umechanika ndani. Huyo aonwe na daktari kabla hujampa ruhusa, hata kama yeye mwenyewe anang'ang'ania kuondoka.

Na atang'ang'ania. Hiyo nayo ni dalili. Amechelewa kuja, siku moja au mbili baada ya tukio, na akishafika ana haraka. Namba ya simu anayokupa ina tarakimu pungufu. Simu yake ikiita anaigeuza kifudifudi. Ukitaja neno polisi, unakwenda kumletea karatasi ya eksirei, ukirudi kitanda ni kitupu.

Kijana mmoja alikuja asubuhi na mapema, wafagizi wakiwa bado wanapiga deki. Alikuwa amevaa sweta la shule la kijani, mikono yake imekomea katikati ya kiwiko na kifundo. Nguo zake zilikuwa zimechanwa, akaazima ya mdogo wake. Alitembea mwenyewe. Alisema ameanguka, akaomba Panadol na ruhusa. Nilimpa kopo la mkojo. Alirudi nalo akiwa amelifunika kwa mkono kana kwamba anaona aibu, na mlemle ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaua na halijulikani vya kutosha. Mtu akipigwa na kundi, misuli ya mgongo, mapaja na makalio inapondeka. Misuli iliyopondeka humwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, na figo zikijaribu kuichuja zinaziba. Pamoja nayo inamwagika potasiamu, ambayo ikizidi inasimamisha moyo. Kwa nje mtu anaongea, anatembea, anaomba Panadol. Siku mbili tatu baadaye hakojoi tena. Anachohitaji ni dripu nyingi mapema, mpira wa mkojo ili mkojo upimwe kila saa, na damu ipimwe potasiamu na kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki asipewe, zinaziumiza figo zilizokwisha kuumia. Ningependa hili liandikwe ukutani kwenye kila chumba cha dharura: aliyepigwa na watu wengi, awe mwizi, awe jirani, awe nani, haondoki mpaka mkojo wake umeonekana kwa macho.

Kijana yule alilazwa. Usiku wa pili, nikisoma mfuko wa mkojo kwa tochi, alianza kuongea bila kuulizwa. Aliitwa kwenye chumba cha mtu aliyekuwa akiandikiana naye kwa simu wiki kadhaa. Ndani walikuwamo wanne. Walimvua nguo, wakampiga picha, wakataka awatumie pesa kwa simu, na pesa ilipokwisha wakampiga mpaka wakachoka. Akaniuliza kama nitamwambia daktari. Nilimwambia: "Pole, mwanangu. Hukustahili kupigwa. Daktari anajua umepigwa, na hilo linamtosha kukutibu. Mengine ni yako." Nikaandika mililita, nikamgeuza upande usiouma.

Kilimanjaro ina msimu wake wa majeraha. Desemba Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanapanda kurudi migombani. Kuna Krismasi, ubatizo, harusi, na kuna kikao cha ukoo. Kijana aliyevuka miaka 30 bila kuoa anaulizwa mbele ya baba wakubwa na mashangazi, na mara nyingi ni mizaha inayoishia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini ipo nyumba ambayo ndugu mmoja amepanda na maneno aliyoyasikia mjini. Majeruhi wa siku zile baada ya Krismasi huletwa na familia yenyewe, kwa gari la familia, na maelezo yamekwisha kupangwa njiani: alilewa, akaanguka kwenye mfereji wa shambani. Unamuuliza mgonjwa, anajibu kaka. Unamuuliza tena kwa jina lake, anajibu mjomba. Mgonjwa anaangalia viatu.

Majirani zetu Kenya waliliona hili likifika mwisho wake. Mwanamitindo Edwin Chiloba alikutwa ameuawa karibu na Eldoret mwanzoni mwa Januari 2023, mwili wake umetiwa kwenye sanduku la chuma. Watu wengi mitandaoni walidhani ni kundi la wenye chuki wasiojulikana. Aliyehukumiwa miaka 50 kwa mauaji hayo Desemba 2024, Jackton Odhiambo, alikuwa mtu aliyeishi naye chumba kimoja. Kwa hiyo anayekuja na chupa ya chai na kukaa pembeni ya kitanda siku nzima, usimwite rafiki mpaka mgonjwa amemwita hivyo, mkiwa wawili peke yenu.

Kuwapata wawili peke yenu kunataka utaratibu. Hospitali zetu zimejaa, ndugu wanalala chini ya vitanda, na pazia halizuii sauti. Sisi tuna njia zetu: chumba cha eksirei, kupima uzito, kubadilisha nguo, kwenda kutoa mkojo. "Mama, naomba mtusubiri hapa nje kidogo, tukimaliza kumpima tutawaita." Ukiwa na kawaida ya kusema hivyo kwa kila mgonjwa wa majeraha, hakuna atakayehisi kitu siku ukimwambia mama wa huyu.

Halafu swali. Usimuulize kama yeye ni shoga. Hata ukiuliza kwa upole namna gani, umemweka kwenye kona, kwa sababu akisema ndiyo amekukabidhi maisha yake na bado hajui wewe ni nani. Wala usiulize "kwani ulifanya nini?" Mimi husema hivi: "Kaka, majeraha kama haya nayaona sana kwa watu waliopigwa. Kama ndivyo, unaweza kuniambia. Kama hutaki kusema leo, nitakuhudumia vilevile." Kisha nanyamaza na kuendelea kusafisha kidonda. Mikono ikiwa na kazi, ukimya hauwi mzito, na yeye hana haja ya kukutazama machoni. Wengi wanasema wakiwa wanaangalia dari.

Akisema, pokea kwa maneno machache. Usishtuke, usimpe pole ya msibani, usimsimulie kuhusu binamu yako. Mwulize anahitaji nini sasa hivi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 mwongozo kwa watoa huduma wanaowapokea wanawake waliofanyiwa ukatili, na hatua zake zinamfaa yeyote aliyepigwa na wa kwake: msikilize, uliza mahitaji yake, mwonyeshe kwamba unamwamini, fikirieni usalama wake, mwunganishe na msaada. Ukitazama vizuri, utaona hakuna hatua inayotaka ujue kwa nini alipigwa.

Sasa sheria, maana ndiyo inayowafanya wagonjwa wakimbie na manesi waogope. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu ngono inayoita kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, mpaka maisha. Huo ndio ukweli, na mgonjwa anaujua kuliko wewe. Lakini kifungu hicho kinaadhibu tendo. Hakimwadhibu mtu kwa jinsi anavyotembea, kwa jina aliloitwa mtaani au kwa tetesi za ndugu zake. Na kanuni hiyohiyo, kifungu cha 225, inamtia hatiani anayemsababishia mwenzake madhara makubwa mwilini, na kifungu cha 241 anayemshambulia na kumdhuru. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba vifungu hivyo vinalala kutegemea nani amepigwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii.

Fomu namba 3 ya polisi, PF3, ndipo wengi wanapokwama. Mgonjwa anafika anavuja damu, anaambiwa akalete fomu kwanza, anageuka na kuondoka. Dharura inatibiwa kwanza. Zuia damu, funga mfupa, weka dripu, fomu itafuata. Na ikija, ni ya kueleza jeraha: liko wapi, lina sentimita ngapi, laelekea limesababishwa na kitu cha namna gani. Daktari akikuuliza sababu, sababu ni kwamba alipigwa. Kwenda polisi au kutokwenda uamuzi wake uheshimu, na mwambie ukweli, kwamba kuna hatari pande zote mbili. Usimsukume aende ili wewe ujisikie umefanya kitu. Kama anataka kwenda, asiende peke yake. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali au msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anaweza kufuatana naye.

Mgonjwa akiwa mtoto chini ya miaka 18, mambo yanabadilika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa ifike kwenye mamlaka, na ustawi wa jamii wanaingia siku hiyohiyo. Ipo pia namba ya bure 116 ya kuwasaidia watoto. Kijana wa miaka 16 aliyefukuzwa nyumbani na baba ni mtoto aliyetupwa, chochote kile baba anachosema kuhusu tabia yake.

Kuna jambo moja ambalo nesi asilishike kwa mkono wake: kumpima mtu sehemu ya haja kubwa kwa kulazimishwa, ili "kuthibitisha." Kipimo hicho hakithibitishi chochote. Msuli wa mtu hauandiki historia ya mapenzi yake. Chama cha Madaktari Duniani kilikilaani mwaka 2017, na Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikikaa Mombasa, ilisema kumlazimisha mtu kipimo hicho ni kuvunja haki zake. Uchunguzi baada ya kubakwa ni jambo jingine kabisa. Huo unafanywa kwa ajili ya mgonjwa, kwa ridhaa yake, na akisema basi, ni basi. Ukiletewa mtu aliyefungwa pingu ukaambiwa uandae trei, uliza ridhaa iko wapi. Ni swali la kawaida la kazi yetu, na ukiliuliza kwa sauti ya kazi, mara nyingi mwenye kuleta anakosa jibu.

Kuhusu waliobakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Dozi ya kwanza isisubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu. Zinamezwa siku 28. Ziende pamoja na chanjo ya homa ya ini B, kinga ya magonjwa ya zinaa, na pepopunda kama kuna jeraha. Wanaume waliobakwa hawaji, au wanakuja wamechelewa wakisema wana bawasiri. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kubakwa kwa mwanamke au msichana tu, kwa hiyo mwanaume aliyefanyiwa hivyo anaona njia yake pekee inapita kwenye kile kifungu cha 154 anachokiogopa. Mwanaume anayelalamika maumivu huko nyuma na hataki kukaa, mwulize kama kuna mtu aliyemuumiza. Mwulize mkiwa wawili.

Wanawake ninawaona kwa sura nyingine kabisa. Binti analetwa amezimia, malaria hana, presha ni ya kawaida. Kaka zake wako nje. Baadaye, kidogo kidogo, unasikia kwamba alikutwa na rafiki yake wa kike, akafungiwa, kisha akatafutiwa mwanaume wa "kumnyoosha." Huyu hatakuja na mbavu zilizovunjika. Atakuja na mimba kliniki ya wajawazito, au na vidonge alivyomeza vyote kwa mpigo. Alama zake ziko kwenye vifundo vya mikono, alipofungwa. Ndani ya siku tano za kwanza vidonge vya dharura vya kuzuia mimba bado vinafaa, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linaweza kumpokea kama mwanamke aliyebakwa bila kuulizwa zaidi ya hapo. Kwake njia hii iko wazi zaidi kuliko kwa wanaume, itumieni.

Niseme sasa kuhusu sisi wenyewe, maana wagonjwa hawatukimbii bure. Mwaka 2016 serikali ilizuia usambazaji wa vilainishi vya kutumia wakati wa ngono, na Februari 2017 Wizara ya Afya ikavizuia vituo binafsi 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo kwenye hatari zaidi, ikivituhumu kuhamasisha ushoga. Mwishoni mwa 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitaka wananchi wapeleke majina ya mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni mawazo yake, si msimamo wa serikali. Kauli zilipita, lakini mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alijifunza kwamba karatasi yenye jina lake inaweza kugeuka. Anapotuangalia tukiandika, anakumbuka hayo.

Na mengine hayana serikali ndani yake. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, habari ilivuja kwamba kitanda fulani kuna "mmoja wao." Ndani ya saa moja kitanda kile kilipata wageni wenye sare kuliko wodi nzima. Mmoja alikuja kutafuta mkasi. Mwingine akaja kurudisha mkasi. Wa tatu alisimama tu mlangoni akiwa na simu mkononi. Mgonjwa alijifunika shuka mpaka juu na akakataa kufunguliwa kidonda mpaka jioni. Picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ni kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kiongozi wa zamu anaweza kulizima hili mapema: nesi mmoja kwa kitanda hicho, na kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu yatajwe majeraha, mkojo, maumivu, na nani anaruhusiwa kumtembelea. Basi.

Wapo wenzangu wanaoniambia imani yao hairuhusu. Mimi nami ninasali, na sala ya asubuhi kabla ya zamu ni ya kweli kwangu. Siwaambii wabadili wanachoamini kuhusu ndoa. Nawakumbusha kwamba hospitali kubwa kuliko zote kwetu, KCMC, iliyofunguliwa 1971, iko chini ya shirika lililopewa jina la Msamaria Mwema, na yule Msamaria hakumuuliza aliyelala njiani kabila, wala alikuwa anatoka kwa nani usiku ule. Alifunga vidonda, akamkodishia chumba, akaacha dinari mbili kwa mwenye nyumba. Wanaotaka kumwita mchungaji amwombee mgonjwa "aache," au kumwandikia rufaa ya magonjwa ya akili, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Anayetaka mchungaji atamwomba mwenyewe.

Zile dinari mbili ndizo tunazozisahau. Tunashona vizuri, tunatoa ruhusa saa kumi na moja jioni, na hatuulizi swali ambalo kwangu ni muhimu kuliko yote: "Ukitoka hapa, leo utalala wapi?" Jibu lake linakuambia kila kitu. Akinyamaza, ujue hana pa kwenda, au anarudi kulekule. Hapo ruhusa inaweza kusubiri asubuhi. Daktari mwelewa hashindwi kupata sababu ya kumwangalia usiku mmoja. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumwombea msamaha wa gharama ili bili isimlazimishe kumwita kaka aliyempiga. Mwulize kama ana mtu mmoja anayemwamini mji mwingine, kama kitambulisho chake cha NIDA kiko naye au kimebaki ndani, kama ana nauli. Mwulize simu yake nani anajua kuifungua.

Kama anameza dawa za VVU, mara nyingi zimebaki nyumbani alikofukuzwa, na hatasema kwa sababu anaona amekwisha kukusumbua vya kutosha. Uliza tu kama kuna dawa anazotumia kila siku. Kliniki ya tiba na matunzo inaweza kumpa za kuanzia na barua ya kumhamisha, aendelee kule anakokwenda, bila kukatiza.

Mwulize pia, kwa maneno yaliyonyooka, kama amefikiria kujiua. Manesi wengi wanaliogopa swali hili wakidhani litampa wazo. Halimpi. Kama wazo lipo, limeshakuwapo kabla yako, na kulizungumza kunampunguzia mzigo. Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani na kama kitu hicho anacho, usimwache peke yake, na mwite daktari usiku huohuo.

Sitaji hapa watu wala vikundi vinavyosaidia, kwa usalama wao. Nesi anayehitaji anaweza kuanza na ustawi wa jamii wa hospitali yake, na mnasihi wa kliniki ya VVU. Hao wawili mara nyingi wanajua nani wa kumpigia simu. Fahamu nani kati yao anatunza siri kabla hujapata mgonjwa, si siku ya mgonjwa.

Na mpangie arudi, kwa sababu kidonda ni kisingizio halali cha kuonana tena. Mara ya pili ndipo wengi wanaposema yaliyobaki, na ndipo unapoona kama kuna alama mpya juu ya zile za zamani. Kwenye kadi andika "kufunga kidonda," tarehe, na saa ambayo wewe uko zamu, usiandike kitu kingine chochote, maana kadi hiyo itasomwa na kila mtu nyumbani kabla yeye hajaiweka mfukoni.